Katuni Njema Haimwondoi Mzazi Sebuleni



Ndugu msomaji, somo letu la leo linaanzia kwenye kosa letu wenyewe. Wakati wa likizo iliyopita tulikuwa mafrateri wawili, wote wa falsafa, tuliopokelewa kwa wiki kadhaa na familia moja ya Kikristo wakati wa mazoezi ya kichungaji. Jioni moja mama mwenye nyumba alikuwa jikoni, baba alikuwa hajarudi kazini, na watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka minne, walikuwa wakikimbizana sebuleni. Sisi tulikuwa na kitabu cha maadili cha kumaliza kabla ya kurudi seminarini. Tukafanya wanachofanya wengi: tukafungua katuni kwenye simu, tukawapa watoto, tukarudi kwenye kitabu. Nyumba ikatulia.

Baada ya nusu saa hivi mama alipita na sahani mkononi, akasimama nyuma ya watoto. Katuni tuliyoiweka ilikuwa imekwisha zamani. Simu ilikuwa imejichagulia nyingine, kisha nyingine tena. Waliyokuwa wakiitazama ilikuwa na wanyama wa rangi za kupendeza, lakini wanyama hao walikuwa wakikatana mapanga na kutukanana. Mama aliichukua simu taratibu, akatugeukia.

"Mafrateri, hii mliitazama wenyewe kabla ya kuwapa?"

"Mama, tulidhani kwa kuwa ni katuni..."

Hatukumaliza sentensi. Yeye hakusema zaidi, akaenda kupakua chakula. Lakini swali lake tumelibeba hadi seminarini, na ndilo lililozaa makala hii. Tunataka tujiulize pamoja nanyi: je, zipo katuni ambazo familia nzima inaweza kuzitazama, mtoto akafurahi na mzazi naye asisinzie? Tukizipata, tutazitambuaje? Na kwa nini jambo hili, linaloonekana dogo, linahusu imani yetu?

1. Katuni si umri

Wengi wetu tunaamini mambo mawili. La kwanza, kwamba katuni zote ni za watoto, kwa hiyo mtu mzima anayekaa kuzitazama anapoteza muda. La pili linatokana na la kwanza: kwamba mtoto akiwa na katuni yuko salama. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa mantiki angeliona kosa. Kwamba watoto wanapenda katuni hakumaanishi kwamba kila katuni ilitengenezwa kwa ajili ya watoto.

Katuni ni namna ya kusimulia. Ni michoro, ya mkono au ya kompyuta, inayopitishwa haraka mpaka jicho lione mwendo. Katika filamu ya kawaida hupita picha 24 kwa kila sekunde. Ndani ya namna hiyo mtu anaweza kuweka sala, matusi, hesabu au vita. Tom na Jerry, paka na panya waliobuniwa na William Hanna na Joseph Barbera mwaka 1940, hawakuanzia kwenye chaneli ya watoto. Walianzia kwenye majumba ya sinema ya Marekani, mbele ya watu wa kila umri. The Simpsons, iliyoanza kama kipindi kamili cha televisheni mwaka 1989, imejaa kejeli kuhusu siasa na maisha ya ndoa ambazo mtoto mdogo hawezi kuzielewa wala hahitaji kuzisikia.

Jambo hili si geni kwetu. Bibi alipoanza kwa kusema "Paukwa," waliojibu "Pakawa" hawakuwa watoto peke yao. Kaka mkubwa alikuwepo, shangazi alikuwepo, na babu alikuwa anasikiliza huku anajifanya amelala. Sungura alipomlaghai Fisi, mtoto alicheka ujanja, na mkubwa alisikia onyo kuhusu tamaa. Chungu kilikuwa kimoja, na kila mtu alichota kwa kijiko chake. Hakuna aliyeambiwa atoke nje kwa sababu hadithi ni ya watoto.

Baadhi ya watengenezaji wa katuni wamelirudisha jambo hilo. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilitengenezwa Nairobi kwa michoro iliyofuata mtindo wa uchoraji wa Tingatinga uliozaliwa Dar es Salaam. Kila sehemu inaeleza kwa nini mnyama fulani yuko alivyo, kama ngano za Kiafrika zinavyofanya. Mtoto anaona tembo. Mzazi anakumbuka jiko la kuni na sauti ya aliyemsimulia.

Na Bwana wetu alifundishaje? Kwa mifano. Mtoto wa katekesi anaielewa habari ya kondoo aliyepotea siku ya kwanza anapoisikia, na wanateolojia hawajaimaliza mpaka leo. Kwa hiyo tunaweka msingi wa somo letu hapa: hadithi iliyo njema kweli kwa mtoto haimwachi mtu mzima na njaa. Ikiwa katuni haina chochote cha kumpa mzazi, tuna sababu ya kuuliza inampa nini mtoto.

2. Walimu wetu wa zamani walilijua hili

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anataka hadithi ambazo mama na walezi huwasimulia watoto zichaguliwe kwa uangalifu kabla ya mafunzo mengine yote. Sababu yake ni kwamba roho ya mtoto bado laini, na kinachoingia mapema hakifutiki kwa urahisi. Aristotle, katika Poetika, anaongeza kwamba binadamu kuliko wanyama wote ni kiumbe anayeiga, na masomo yake ya kwanza huyapata kwa kuiga. Aliyewahi kumwona mtoto akiongea na mwanasesere wake kwa sauti ya mama yake hahitaji ushahidi mwingine.

Lakini mwalimu anayetufaa zaidi ni Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 168, anauliza kama kuna fadhila katika michezo na burudani. Anasimulia habari ya kale ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale. Akarusha mara kadhaa. Yohane akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kupumzika, naye akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya binadamu, akasema Yohane: isipolegezwa, itavunjika.

Thoma anakwenda mbali zaidi. Katika swali hilohilo anasema kwamba hata kukosa kabisa furaha ya mchezo ni kasoro, kwa sababu mtu wa namna hiyo huwa mzigo kwa wenzake. Sisi waseminari tulisome hili kwa makini. Wapo kati yetu wanaofikiri kwamba kucheka mbele ya katuni pamoja na watoto wa parokia kunapunguza heshima ya kanzu.

Pamoja na hayo, Thoma anaweka tahadhari tatu. Burudani isitafutwe katika maneno au matendo machafu au yenye kudhuru. Mtu asijiachie mpaka akapoteza utulivu wa roho yake. Na burudani ilingane na mtu, wakati na mahali. Tutazirudia tahadhari hizi baada ya mifano.

3. Mifano ya kutazama

Bluey. Hii ni katuni ya Australia, iliyobuniwa na Joe Brumm na kuanza kuonyeshwa mwaka 2018. Familia yake ni ya mbwa: baba Bandit, mama Chilli, na mabinti wawili, Bluey na Bingo. Kila sehemu huchukua kama dakika saba. Hakuna adui wala vita. Kuna watoto wanaocheza na wazazi wanaokubali kuchezeshwa. Lakini chini ya mchezo kuna maisha. Katika sehemu iitwayo Baby Race, mama anakumbuka jinsi alivyokuwa akimlinganisha Bluey mchanga na watoto wa wenzake waliotangulia kutambaa na kutembea, mpaka akaacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama. Kisha mama mwenzake aliyelea watoto wengi anamtembelea na kumtia moyo kwamba anafanya vizuri. Mtoto anayetazama anacheka vichekesho vya watoto wachanga. Mama anayetazama huenda akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Nyumbani kwa familia ile iliyotupokea, siku chache baada ya kosa letu, tuliomba ruhusa ya kujaribu tena, safari hii tukiwa tumekaa na watoto. Tulichagua sehemu iitwayo Copycat. Bluey na baba yake wanamwokota ndege aliyeumia, wanampeleka kwa daktari wa wanyama, na ndege anakufa. Bluey akirudi nyumbani anaigiza siku yote tena kama mchezo, yeye akiwa baba na mdogo wake akiwa ndege, na anataka mchezo uishe kama ulivyoisha kweli. Lugha ilikuwa Kiingereza, kwa hiyo tulikuwa tukiwatafsiria watoto kila baada ya sentensi mbili tatu. Tulidhani hilo lingeharibu burudani. Kumbe ndilo lililotulazimisha kuwepo.

Hatukujua kwamba babu yao alikuwa amezikwa miezi michache kabla. Katuni ilipokwisha, yule wa miaka sita akasema, "Sasa tucheze ya babu." Mdogo wake akalazwa kwenye kochi awe babu, sisi tukapewa kazi ya udaktari. Mama alitaka kuwakataza. Baba, ambaye muda wote alikuwa kimya kwenye kona na viatu vyake vya kazini miguuni, akasema, "Mama, waache." Tukacheza mpaka mwisho, na tulipofika kwenye maneno ya daktari, mtoto mwenyewe akatunong'oneza la kusema.

Kisha akamgeukia baba yake. "Baba, wewe ulilia?"

"Nililia."

"Mbona sikukuona?"

"Nililia nyuma ya nyumba, mwanangu."

Mtoto akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitafuta muda mrefu. Usiku ule kwenye sala ya familia, kabla baba hajataja nia, mtoto akawahi: "Tumwombee babu." Kitabu chetu cha maadili kilikuwa mezani. Hatukuwa na cha kuongeza.

Avatar: The Last Airbender. Hii ni ya watoto waliokua kidogo, vijana na wazazi wao. Si ya mtoto wa miaka minne, kwa kuwa ina mapigano mengi. Ilibuniwa na Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, na sehemu zake 61 zilionyeshwa Marekani kati ya mwaka 2005 na 2008. Kati ya wahusika wake yumo Zuko, mwana wa mfalme aliyeunguzwa uso na baba yake mwenyewe kisha akafukuzwa, na Iroh, baba yake mkubwa, aliyempoteza mwanawe vitani na sasa anamlea kijana huyu mwenye hasira. Zuko anamsaliti Iroh, na mzee anaishia gerezani.

Karibu na mwisho, Zuko anamfuata Iroh hemani kuomba msamaha. Anamkuta amelala, anakaa kusubiri. Mzee anapoamka, kijana anaanza kusema huku akilia, lakini kabla hajamaliza Iroh anamvuta na kumkumbatia. Zuko anashangaa kwamba hakumkasirikia. Iroh anamweleza kwamba hakuwahi kukasirika. Alihuzunika tu kwa kuogopa kwamba kijana amepotea njia. Msomaji wa Injili ya Luka, sura ya 15, atatambua kitu hapa: yule mwana mpotevu naye alikuwa ameandaa hotuba njiani, na baba yake hakumwacha aimalize. Kijana wa kipaimara ambaye amesikia Injili ile kila mwaka mpaka ameizoea anaweza kuisikia upya baada ya kutazama hema lile.

Hata hivyo, tuseme ukweli. Ulimwengu wa Avatar umejengwa kwa mawazo ya dini na falsafa za Asia, likiwemo wazo la mtu kuzaliwa tena katika maisha mengine, ambalo si imani yetu. Je, tuikataze? Sisi tunaona ni afadhali mzazi awepo na aseme, "Hawa wanaamini hivi. Sisi tunaamini ufufuko wa mwili, kwamba mtu anaishi mara moja na Mungu anamfufua yeye huyohuyo." Mtoto aliyeelezwa hivyo sebuleni amepata katekesi. Mtoto aliyeachwa peke yake na simu amepata wazo lisilo na mwongozo.

Akili na Mimi. Tusiishie ng'ambo. Tanzania ina Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014 na kufundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo, na pia Akili na Mimi kwa wadogo zaidi. Akili ni mtoto wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala huingia katika ulimwengu wa ndoto ambako anajifunza herufi na namba pamoja na marafiki zake wanyama. Vipindi hivi vinakaribia darasa kuliko hadithi, na mtu mzima hatapata humo uzito wa Bluey. Lakini vina zawadi ambayo zile nyingine hazina: vinaongea Kiswahili. Bibi asiyejua neno la Kiingereza anaweza kukaa, kuimba na mjukuu, na kumsahihisha anapohesabu vibaya. Katuni yoyote inayomrudisha bibi kwenye mazungumzo ya nyumba tunaipokea kwa mikono miwili.

4. Maswali matatu ya kupimia

Sasa tuzirudie tahadhari za Mtakatifu Thoma, tukizigeuza maswali ambayo mzazi yeyote anaweza kuyauliza.

Kwanza: Inachekesha kwa kitu gani? Kila katuni inatafuta kicheko. Tuangalie anayechekwa ni nani. Tukichekeshwa na baba anayejaribu kusuka nywele na kushindwa, hakuna aliyeumia. Tukichekeshwa na mlemavu, na mzee anayedharauliwa au na mwili wa mwanamke, basi mtoto anafundishwa nani asiyestahili heshima. Hapa ndipo utu wa binadamu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, unapolindwa au kuvunjwa.

Pili: Inamwacha mtoto akoje? Tumtazame mtoto baada ya kuzima. Je, anataka kucheza, kuuliza, kuchora? Au analia, anapiga mateke, anadai nyingine na nyingine? Upinde hulegezwa ili upone, kisha uvutwe tena. Burudani inayomwacha mtoto amechoka kuliko alivyoanza haijamlegeza, imemfunga.

Tatu: Inamfaa nani, saa ngapi, wapi? Avatar inayomfaa binti wa miaka kumi na mbili inaweza kumnyima usingizi mdogo wake. Katuni njema wakati wa chakula inaua mazungumzo ya mezani. Katuni njema wakati wa rozari si njema tena.

Maswali haya matatu yana sharti moja: huwezi kuyajibu kama hukuitazama. Hapo tunarudi kwa yule mama na sahani yake. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya mwaka 1963, uliwakumbusha wazazi wajibu wao wa kulinda mlango wa nyumba dhidi ya maonyesho yanayodhuru imani na maadili. Siku hizo mlango ulikuwa mmoja. Leo kila simu ni mlango, na baadhi hufunguka zenyewe. Papa Fransisko naye, katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, anatufundisha kwamba swali kubwa kwa mzazi si tu mtoto yuko mahali gani kwa mwili, bali yuko wapi kwa moyo wake na anaelekea wapi. Watoto wale jioni ile walikuwa hatua nne kutoka tulipokaa. Hatukujua walipo.

5. Lakini wazazi wamechoka

Tunalisikia pingamizi hili na hatulipuuzi. Mama aliyesimama sokoni tangu alfajiri akirudi saa moja usiku ana moto wa kuwasha, nguo za kufua na madaftari ya kukagua. Simu ndiyo msaidizi pekee asiyedai mshahara. Sisi tunaolishwa na seminari si watu wa kumhukumu.

Tunapendekeza kidogo tu. Zima ule utaratibu wa simu kujichezea video inayofuata. Hilo halichukui dakika moja. Chagua sehemu moja, si saa mbili. Dakika saba za kukaa na mtoto kila jioni, hata ukiwa unachambua mchele, ni zaidi ya wengi wetu tunavyotoa sasa. Ukishindwa kutazama, sikiliza. Masikio hayana kazi wakati wa kuosha vyombo. Baada ya kuzima, uliza swali moja: "Wewe ungekuwa yeye, ungefanyaje?" Na usiku umeme ukikatika au bando likiisha, usihuzunike. Bado unazo hadithi za bibi yako, na hizo hazihitaji chaji.

Hitimisho

Tunaiita familia Kanisa la nyumbani. Kanisani hatuwaachi watoto peke yao na Injili wakati wakubwa wako nje. Tunaisikiliza pamoja, kila mmoja akipokea kwa kipimo chake. Tukijifunza kukaa pamoja mbele ya hadithi ndogo, tutakuwa tumezoea kukaa pamoja mbele ya ile kubwa.

Kabla hatujaondoka katika nyumba ile, yule wa miaka minne alituletea simu ya mama yake na kuiweka mapajani mwetu. "Mafrateri, tutazame." Hakusema "niwekeeni."

Maswali ya kutafakari katika familia au Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo:

1. Ni katuni gani watoto wetu waliitazama wiki hii? Nani kati yetu aliitazama pamoja nao?
2. Je, kuna jambo ambalo mtoto wetu anataka kutuuliza, lakini hajapata mchezo wa kuliulizia?
3. Ni hadithi gani tuliyosimuliwa utotoni ambayo bado hatujaipitisha kwa watoto wetu?